UZI: Simu ya nyumbani ya intaneti, milio tofauti kwa kila anayepiga na umeme wa akiba

Waya_Mbili (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam.

Uzi huu ni wa wale wenye simu ya mezani inayopita kwenye intaneti: simu ya kawaida imechomekwa kwenye adapta ndogo, adapta imechomekwa kwenye ruta. Maswali mawili hayaishi. La kwanza, nifanyeje simu ilie tofauti kulingana na anayepiga? La pili, umeme ukikatika simu itadumu hewani muda gani? Tumezoea kuyajibu kila moja kivyake. Mimi nayaona ni swali moja.

Kwenye simu ya waya ya zamani, kazi zote mbili zilikuwa za kituo cha simu. Kituo kilikuwa na betri zake kubwa zilizotia volti 48 za DC (mkondo mnyoofu, kama wa betri) kwenye laini yako usiku na mchana. Mtu akikupigia, kituo kilituma AC (mkondo geu) ya volti kama 90, inayopiga mara 20 au 25 kwa sekunde kutegemea nchi, na hiyo ndiyo iliyotikisa kengele. Nyumba nzima ingeweza kuwa gizani na simu ikalia kama kawaida, maana ile simu ya waya haikutegemea soketi ya ukutani.

Sasa kituo hicho kimehamia kwako. Volti za kengele zinazalishwa ndani ya adapta, kutokana na chaja yake ya volti 12 au 5. Adapta ndiyo inayoamua kengele ilie sekunde ngapi na inyamaze sekunde ngapi, na ikikosa umeme hakuna mtu mwingine wa kuitia nguvu laini yako. Mlio umekuwa mipangilio yako, na betri imekuwa jukumu lako. Ukilishika hilo, mengine yote yanafuata.

Nianze na milio. Mlio ni mapigo ya kulia na kunyamaza. Mlio wa kawaida wa Marekani ni sekunde 2 za kulia na 4 za kimya. Wa Uingereza ni sekunde 0.4 kulia, 0.2 kimya, 0.4 kulia, kisha 2 kimya. Kengele ni ile ile, kinachobadilika ni mapigo tu, na sikio la binadamu huyazoea haraka sana.

Adapta inajuaje ipige mapigo gani? Njia iliyo safi zaidi ni mtoa huduma kuiambia. Itifaki ya SIP (lugha ambayo vifaa hutumia kuanzisha simu kwenye intaneti), ile ya waraka wa RFC 3261 wa mwaka 2002, ina mstari unaoitwa Alert-Info ndani ya ujumbe wa kuita simu. Mtoa huduma akiandika humo jina la mlio, kwa mfano Bellcore-dr2, adapta inayolijua jina hilo inapiga mapigo yake. Hii inafaa sana kama una namba mbili kwenye akaunti moja, ya familia na ya kazi: kila namba inapewa jina la mlio kule kule kwenye akaunti. Kama mtoa huduma wako hana kipengele hicho, unaingia kwenye ukurasa wa mipangilio wa adapta na kuoanisha namba za wanaopiga na milio. Na kama adapta ina matundu mawili ya simu, unaweza kuipa kila namba tundu lake na simu yake, ukamaliza habari.

Sasa uandishi wenyewe, maana hapa ndipo watu wanapokwama. Kwenye adapta ya Cisco SPA112 na ndugu zake mlio wa kawaida unaonekana hivi:

60(2/4)

Hiyo 60 ni jumla ya sekunde ambazo simu itaendelea kulia. Ndani ya mabano ni kulia kisha kimya, kwa sekunde. Ukitaka mlio wa mara mbili:

60(.8/.4,.8/4)

Adapta ya Grandstream HT802 inataka milisekunde, na umbo lake ni jingine. Mlio wa kawaida ni c=2000/4000; na ule wa mara mbili unakuwa c=800/400-800/4000; pamoja na hiyo nukta mkato ya mwisho. Ukiichanganya mitindo hii miwili adapta haitakuelewa, kwa hiyo angalia kwanza mlio uliomo kiwandani umeandikwaje, ufuate umbo lake.

Jambo moja ambalo sitaki mtu alipuuze: kile kimya kirefu cha mwisho kina kazi. Kwenye mfumo wa Marekani namba ya anayepiga hutumwa kwenye simu wakati wa kimya, baada ya mlio wa kwanza. Ukitunga mlio wenye mapigo ya haraka haraka bila nafasi, kioo cha simu kitabaki kitupu na utadhani mtoa huduma ameacha kutuma namba. Acha kimya cha sekunde 3 au 4 mwishoni mwa kila mzunguko.

Umeme nitauacha kwa FundiBetri kama yupo. Karibuni.

ShangaziTatu

Asante mkuu, nimeelewa vizuri sana. Mimi naishi na mama yangu mzazi. Macho yake hayasomi tena namba kwenye kioo, kwa hiyo mlio ndio kila kitu kwake. Nimeweka wanawe walie mara mbili, wengine wote mlio wa kawaida. Simu ya waya ya sebuleni inatofautisha bila shida. Ila isiyo na waya iliyoko chumbani kwake inapiga wimbo ule ule kwa kila mtu. Je, adapta ina kasoro?

Halafu mdogo wangu akipiga kutoka nje ya nchi, hata simu ya sebuleni inalia kama ya mgeni.

Waya_Mbili

Dada, adapta haina kasoro. Simu ya waya inatikiswa na umeme wa kengele moja kwa moja, kwa hiyo inafuata mapigo kama yalivyo. Simu isiyo na waya ni tofauti: kitako chake kinahisi kuna mlio kwenye laini, kinatuma habari hiyo kwa redio, na mkononi mwako unapigwa wimbo uliohifadhiwa humo ndani. Nyingi hazijali mapigo ya laini. Baadhi zina mlio mmoja au miwili ya kengele ya kawaida inayofuata laini, kwa hiyo pitia orodha ya milio yote huku mtu akikupigia. Ikishindikana, ingiza namba za watoto kwenye kitabu cha namba cha simu yenyewe na uwape wimbo wao humo, ikiwa simu inaruhusu. Hapo mlio utategemea namba ionekane, na ndiyo maana nimesisitiza kile kimya.

Ningekuwa mimi, kwa mzee ningeweka simu ya waya chumbani, yenye vitufe vikubwa. Inafuata mapigo, haihitaji kuchajiwa, na umeme ukikatika inalishwa na adapta kupitia waya ule ule.

Pia kwa mzee usitofautishe milio kwa sehemu ndogo ya sekunde. Mapigo ya .3 na .4 ni kitu kimoja masikioni mwake. Mpe tofauti ya wazi: wageni walie pigo moja refu la sekunde 2, watoto walie mapigo matatu mafupi, mfano 60(.4/.2,.4/.2,.4/4).

Kuhusu mdogo wako: adapta inalinganisha namba tarakimu kwa tarakimu. Ukiandika namba kuanzia sifuri, na simu ikaingia na alama ya + na msimbo wa nchi, hazilingani. Tazama kwenye orodha ya simu zilizoingia namba yake inafikaje, uinakili vile vile. Kwenye SPA112 sehemu ya "Ring1 Caller" na zinazofuata zinakubali nyota, kwa hiyo unaweza kuandika nyota ikifuatiwa na tarakimu saba au nane za mwisho, na itashika aina zote mbili.

ShangaziTatu

Nyota imefanya kazi papo hapo! Mungu akubariki mkuu. Mama amesikia akasema "huyo ni mwanangu" kabla hajanyanyua.

Kipaza

Swali dogo. Nimegawa laini ya adapta kwa waya wa ndani, simu nne vyumbani. Tangu niongeze ya nne, moja inalia kwa sauti ya chini kabisa na nyingine hailii. Kuongea zote zinaongea.

Waya_Mbili

Geuza kila simu uangalie chini, utakuta namba ya REN. Ni kipimo cha mzigo wa kengele ya simu hiyo, na simu yenye kengele ya chuma ya zamani huwa ni 1 au zaidi. Jumlisha zote nne. Adapta nyingi za nyumbani hubeba kati ya 3 na 5 kwa tundu moja, karatasi ya maelezo itakuambia. Ukizidisha, volti za kengele zinashuka na simu zenye kengele nzito ndizo zinazonyamaza kwanza. Toa moja, au iweke kwenye tundu la pili kama lipo. Kuna adapta zinazokuruhusu kupandisha volti za kengele au kubadili marudio kati ya 20 na 25 kwa sekunde. Kwa kengele za chuma hilo la marudio lina maana kubwa, kwa sababu zilitengenezwa kuitikia marudio fulani.

FundiBetri

Nipo. Niende kwenye umeme.

Kosa ninalolikuta kila mahali ni mtu kuweka akiba kwenye kifaa kimoja. Ruta inawaka, taa za kijani zote, lakini kisanduku cha faiba kimezima, au adapta yenyewe imesahaulika kwenye soketi ya kawaida. Hesabu kila kitu kilichopo kati ya simu na ukuta unaoleta intaneti: kisanduku cha faiba au modemu, ruta, swichi kama ipo, adapta, na kitako cha simu isiyo na waya. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika zaidi. Simu ya mkononi ina betri yake lakini kitako hakina, na bila kitako ile simu haipigi wala kupokea.

Ukishavijua, pima. Maandishi ya "12V 1A" kwenye chaja ni kikomo cha chaja, matumizi halisi ya kifaa kwa kawaida yako chini ya hapo. Tafuta kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi. Chukulia mfano kisanduku cha faiba wati 6, ruta wati 9, adapta wati 3. Jumla wati 18. Kwa saa 8 unahitaji wati-saa 144 zinazofika kwenye vifaa, kabla ya hasara yoyote.

Sasa linganisha na kilichopo. UPS ndogo ya kompyuta (kisanduku chenye betri kinachoendelea kutoa umeme ukikatika) mara nyingi ina betri moja ya risasi ya volti 12, Ah 7 (ampea-saa 7). Zidisha, unapata wati-saa 84. Lakini namba hiyo hupimwa betri ikitolewa polepole kwa saa 20. Ukiitoa haraka zaidi hupati zote, chukulia 70. Kisha UPS inageuza DC kuwa AC, chaja zako zinageuza AC kurudi DC, na kila mgeuzo unakula chake. UPS yenyewe ikila wati 10 kwa kujiendesha tu, betri inabeba wati 28. Sabini kwa 28 ni saa mbili na nusu, betri ikiwa mpya. Ikiwa na miaka mitatu kwenye kabati lenye joto, hesabu nusu yake au chini.

Ndiyo maana kwa kazi hii mimi siwashauri watu UPS ya kompyuta kama chaguo la kwanza. Vifaa vyote hivi vinakula DC. Kuna UPS ndogo za DC zenye betri za lithiamu, unachomeka chaja ya ruta upande mmoja na waya wa volti 12 unatoka upande wa pili. Hazigeuzi kitu mara mbili. Ila soma namba zao kwa makini. Zile mAh (milliampea-saa) zilizoandikwa kwenye kasha ni za seli ya volti 3.7, si za volti 12. Kifaa cha mAh 8,800 kina 8.8 mara 3.7, yaani wati-saa 32 na nusu. Toa hasara, zimebaki kama 28. Kwa wati 18 hiyo ni saa moja na nusu. Kwa ruta na adapta peke yake, wati 12, ni saa mbili na kitu.

Anayetaka usiku mzima aende kwenye betri ya LiFePO4, aina mojawapo ya lithiamu. Volti 12.8, Ah 20, ni wati-saa 256. Kwa kutumia kidhibiti cha DC chenye ufanisi wa asilimia 90 unapata kama 230, na kwa wati 18 ni saa kumi na mbili na ushee. Inastahimili kuchajiwa na kutolewa mara nyingi zaidi kuliko ya risasi, na hailalamiki ukiitoa karibu yote.

Msikivu

Fundi, mimi nimefunga betri ya gari moja kwa moja kwenye ruta na adapta, chaja ya betri inakaa imewashwa muda wote. Volti 12 kwa volti 12. Mwaka umepita, kila kitu kiko sawa. Hicho kidhibiti cha nini?

FundiBetri

Mkuu, "volti 12" ni jina tu. Betri ya risasi ikiwa kwenye chaja ya kudumu inakaa kati ya 13.5 na 13.8, chaja ikisukuma zaidi inafika 14.4. Ikikaribia kuisha iko kama 10.8. Ya LiFePO4 inapanda hadi 14.6 ikichajiwa. Ruta yako inaweza kuwa na saketi ndani inayovumilia yote hayo, na inaonekana inavumilia. Ya jirani yako huenda ina kapasita iliyokadiriwa kwa volti 16 inayokaa karibu na ukingo wake kila siku, na siku ya joto inavimba. Upande wa chini ndio unaoumiza simu zaidi: volti zikishuka hadi 11, ruta inaanza kujiwasha upya bila mpangilio, na kila ikijiwasha simu inapotea kwa dakika kadhaa. Kidhibiti kinachopokea volti 9 hadi 18 na kutoa 12 kamili kinaondoa shida zote mbili.

Weka na fyuzi karibu kabisa na nguzo chanya ya betri. Hili sitanii nalo. Betri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampea, na waya mwembamba wa ruta ukigusana unakuwa moto kabla hujafika.

Tena betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache. Ukiitoa hadi chini mara kwa mara sahani zake zinaharibika. Ikifa, nunua betri iliyotengenezwa kutolewa hadi chini.

Na plagi zenu zipimeni. Nyingi ni za nje milimita 5.5, lakini tundu la ndani lina 2.1 na 2.5, na zinafanana kwa macho. Ya 2.5 ikiingizwa kwenye kifaa cha 2.1 inalegea, umeme unakatika ukitikisa meza. Angalia pia mchoro wa chanya na hasi kwenye kila kifaa kabla hujaunganisha.

Kipaza

Naongezea: UPS yangu ilikuwa inajizima baada ya dakika chache ingawa betri ni nzima. Kumbe ina kipengele cha kuokoa betri, ikiona mzigo ni mdogo sana inadhani kompyuta imezimwa. Nimekiondoa kwenye mipangilio yake, sasa inakwenda. Mwenye UPS kubwa na vifaa vidogo aliangalie hilo.

Jirani_Mwema

Mimi nimefanya yote hayo. Umeme ukikatika mtaani, vifaa vyangu vinawaka vizuri, lakini baada ya saa moja hivi intaneti inapotea na simu inakufa nayo. Betri yangu bado imejaa. Nakosea wapi?

Mwana_Seva

Hukosei popote. Inategemea intaneti inakufikiaje. Faiba ya kawaida ya majumbani, aina ya GPON, haina kifaa kinachokula umeme njiani. Vigawanyio vya mwanga vilivyoko mtaani ni vioo tu. Kwa hiyo kituo kikiwa na betri na jenereta, unaendelea. DSL, yaani intaneti ya waya wa simu, inayotoka kwenye kabati la mtaani inategemea betri ya kabati hilo, na kebo ya televisheni ina vikuza mawimbi njiani vyenye betri zao. Intaneti ya redio inategemea mnara. Ile saa moja yako ni betri ya mtu mwingine inayoisha, na huna la kuifanya ukiwa nyumbani.

Unachoweza ni kuandaa njia ya kukimbilia. Ingia kwenye akaunti ya mtoa huduma wa simu uweke simu zielekezwe kwenye namba yako ya mkononi endapo adapta haipatikani. Hii iko kwenye seva yao, kwa hiyo inafanya kazi hata nyumba yako ikiwa gizani kabisa. Lakini kuna mtego. Adapta hujisajili kwa seva kwa muda fulani, mara nyingi sekunde 3,600. Intaneti ikikatika dakika tano baada ya kujisajili, seva inaendelea kuamini upo kwa dakika 55 zaidi. Anayekupigia anasubiri kimya, kwa sababu seva inatuma ujumbe wa kuita na kungoja jibu hadi sekunde 32 kabla ya kukata tamaa, na watu wengi watakuwa wameshakata. Punguza muda wa usajili uwe sekunde 300 kama mtoa huduma anaruhusu. Halafu usiishie kuelekeza kwa "haipatikani". Weka na "haikupokelewa" kwa sekunde 20. Zote mbili zikiwepo, anayepiga hasubiri sana hata seva ikiwa bado haijajua.

Jirani_Mwema

Nimeiona hiyo ya "haikupokelewa", ilikuwa imezimwa. Nyingine: siku betri yangu ikiisha kabisa, umeme ukirudi intaneti inarudi kwa dakika mbili tatu, simu inakaa bila sauti ya laini hata dakika ishirini. Nikichomoa adapta na kuirudisha inapona.

Mwana_Seva

Adapta inawaka kabla ya ruta. Inajaribu kujisajili, mambo hayajakaa sawa, inaambiwa hapana, inaenda kupumzika. Kwenye SPA112 kuna muda mrefu wa kujaribu tena baada ya jibu la kukataliwa, na thamani yake ya kiwandani ni sekunde 1,200. Hizo ndizo dakika zako ishirini. Ishushe iwe 60 au 120. Usiende chini sana, seva nyingine humfungia anayegonga mlango kila sekunde.

Dawa bora zaidi ni ya FundiBetri: vifaa vyote viwe kwenye akiba moja, visizimike kabisa.

Msikivu

Kuna sheria yoyote inayowalazimisha watoa huduma watupe betri? Naona mzigo wote uko kwetu.

Waya_Mbili

Kwa nchi nazozijua: Marekani, tume ya mawasiliano, FCC, iliamua mwaka 2015 kwamba mtoa huduma wa simu ya nyumbani isiyopata umeme kupitia laini lazima ampe mteja nafasi ya kununua akiba ya saa 8, na kufikia 2019 chaguo la saa 24 pia. Kununua, si kupewa, na sharti hilo lilikoma mwaka 2025. Uingereza, Ofcom, msimamizi wa mawasiliano wa huko, ilitoa mwongozo mwaka 2018 kwamba wanaoitegemea simu ya mezani wapate njia ya kupiga namba za dharura kwa angalau saa moja umeme ukikatika, bila malipo. Saa moja kwa mgonjwa aliye peke yake ni kidogo mno kwa maoni yangu. Mwulize mtoa huduma wako kwa maandishi, ujue unasimama wapi, kisha nunua betri yako.

Na ninaomba kila mmoja afanye jaribio halisi. Usizime ruta kwa kitufe. Kata swichi kuu ya umeme ya nyumba nzima wakati wa mchana, mtu akupigie kutoka nje, usikilize kama mlio wa kutofautisha bado unakuja, ongea naye, kisha acha mfumo uendelee hadi ufe wenyewe ukiandika saa. Kama una kengele ya wezi au kifaa cha mgonjwa kinachopiga simu chenyewe, kijaribu kwenye hali hiyo hiyo, kwa sababu vingine vilitengenezwa kwa laini ya zamani na havielewani na adapta.

ShangaziTatu

Nimelijaribu leo. Simu ya waya ya mama imelia mara tatu fupi gizani, ameipokea mwenyewe. Swali langu la mwisho: usiku nataka simu za wageni zisilie kabisa chumbani kwake, ila za wanawe zilie. Niliweke kwenye adapta?

Waya_Mbili

Hapana dada, liweke kwa mtoa huduma kama akaunti yake ina ratiba ya saa. Tengeneza kundi la namba za familia, kisha kanuni mbili: kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, kundi hilo lipite kwenda kwenye adapta, wengine wote waende kwenye ujumbe wa sauti. Mapigo matatu ya watoto yatabaki kama yalivyo, kwa sababu hayo yanatengenezwa na adapta.

Usisahau kuingiza kwenye kundi namba za daktari na za jirani anayeshika ufunguo wa nyumba. Hawa wape mlio wao wa tatu, pigo moja fupi na moja refu, 60(.3/.2,1.5/4), mama aujue mapema mchana kabla haujamwamsha usiku.

Na saa za ratiba zinasomwa kwa saa ya seva. Hakikisha ukanda wa saa kwenye akaunti ni wa kwenu, la sivyo wageni watanyamazishwa mchana na kupita usiku wa manane.